Jina la Kumi na Sita: Namna ya Kuchagua Kikosi cha Testi za Ugenini

Timu kubwa ya kriketi inapotangaza kikosi cha kwenda kucheza ugenini mfululizo wa mechi za Testi, yaani zile za mataifa zinazochukua siku tano, wasomaji wengi huanza na nahodha, hushuka hadi kwa mpigaji mashuhuri na mrushaji wa kasi anayeogopwa, kisha huishia hapo wakiwa wameridhika. Mimi huanza kuisoma orodha kutoka chini. Majina manane au tisa ya mwanzo huwa yamejichagua yenyewe, na mteuzi hastahili sifa wala lawama kwa kuyaandika, kwa kuwa yeyote anayeufuatilia mchezo angeyaandika hayo hayo. Kazi yake halisi huanza kwenye jina la kumi na mbili na kuishia kwenye la kumi na sita au la kumi na saba. Nimekuwa nikiufuatilia mchezo huu kwa miaka mingi, na ninaamini kabisa kwamba majina hayo ya mwisho ndiyo yanayoamua ziara kuliko watu wanavyodhani.

Ninaandika haya nikiwa Mtwara, mji ambao mazungumzo yake ya michezo ni ya mpira wa miguu tangu asubuhi hadi usiku, na ambao uwanja wake mkubwa, Nangwanda Sijaona, ni wa mpira wa miguu. Kriketi ilinifikia kupitia korosho. Msimu wa minada unapofunguliwa, wanunuzi wa korosho ghafi kutoka India hufika huku kusini, na wengine wana ndugu na marafiki waliozaliwa na kukulia Mtwara na Lindi, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na vitambaa. Katika maduka hayo ndimo nilimojifunza kutazama mchezo unaochukua siku tano. Wenzangu kazini huniuliza ninapata nini humo, na sehemu ya makala hii ni jibu kwao, kwa sababu ninachokipenda zaidi katika kriketi si mapigo yenyewe bali maamuzi yanayofanyika kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, na hakuna uamuzi mzito kuliko ule wa kuchagua watu wa kusafiri nao.

Msomaji aliyezoea mpira wa miguu anapaswa kwanza kuelewa jambo moja la kanuni. Katika mechi ya Testi, wachezaji kumi na mmoja wanaotajwa asubuhi ya siku ya kwanza ndio watakaopiga na kurusha hadi mwisho wa siku ya tano. Mchezaji akiumia, mwenzake anaweza kuingia uwanjani kudaka na kukimbilia mipira, lakini hawezi kupiga wala kurusha kwa niaba yake. Tangu mwaka 2019 kanuni imeruhusu mbadala kamili kwa mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo. Lakini msuli uliochanika au kidole kilichovunjika hakimpi nahodha nafuu yoyote. Kwa siku tano, zenye mizunguko 90 ya mipira sita sita kila siku, timu inaishi na uteuzi wake. Wenyeji wakipoteza mtu baina ya mechi mbili, humwita mwingine kutoka ligi yao naye akafika siku hiyo hiyo akiwa ametoka kucheza wiki iliyopita kwenye viwanja vile vile. Wageni wana wale tu waliopanda nao ndege, pamoja na yeyote atakayesafirishwa kwa haraka, ambaye atafika na uchovu wa safari bila kuwa ameuona udongo wa nchi ile.

Ninasema udongo kwa makusudi. Pichi, yaani ule ukanda wa katikati wenye urefu wa takriban mita 20 ambao mpira hudundia, ni ardhi iliyoshindiliwa, na ardhi hutofautiana nchi kwa nchi na hata mji kwa mji. India peke yake ina pichi za udongo mwekundu, kama zile za Mumbai, ambazo hudundisha mpira juu na kukatika mapema, na pichi za udongo mweusi ambazo hushika unyevu na kuufanya mpira uje chini na taratibu. Brisbane na Perth zinajulikana kwa mpira unaopanda hadi kifuani. Uingereza ina majani, mawingu na unyevu unaoufanya mpira upinde hewani. Mpira wenyewe pia si mmoja: Uingereza na Visiwa vya Karibi hutumia mpira wa Dukes, India hutumia SG, na Australia na nchi nyingi nyingine hutumia Kookaburra. Mishono ya Dukes na SG hushonwa kwa mkono na hubaki imeinuka kwa muda mrefu, ilhali mshono wa Kookaburra hulala mapema, na baada ya hapo mrushaji asiye na kasi kubwa au urefu wa kuudundisha mpira huteseka hadi mpira mpya wa pili unapopatikana baada ya mizunguko 80.

Kwa hiyo mteuzi anapotazama takwimu za mrushaji aliyechukua wiketi nyingi nyumbani, yaani aliyewatoa wapigaji wengi, anatazama habari za udongo mwingine na mpira mwingine. Takwimu hizo si za uongo, ila zinajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Swali la mteuzi wa ziara ni moja: nani kati ya watu wetu, hata kama nyumbani si wa kwanza, ana kitu ambacho pichi ya kule inakitaka?

Uingereza walitoa jibu baya kisha jibu zuri katika ziara moja, ndani ya wiki mbili, na kwa hiyo ninaipenda sana habari ya mwaka 2012. Walikwenda India wakiwa na warushaji wawili wa kiwango cha juu wa spini, yaani mpira wa taratibu unaozungushwa ili ugeuke unapodunda, Graeme Swann na Monty Panesar. Katika Testi ya kwanza, Ahmedabad, walimpanga Swann peke yake, wakajaza nafasi zilizobaki na warushaji wa kasi kama wanavyofanya kwao, na wakafungwa kwa wiketi tisa, yaani India walifikia ushindi wakiwa wamepoteza wiketi moja tu kati ya kumi. Mumbai, kwenye Testi ya pili, Panesar aliingizwa. Yeye na Swann walichukua wiketi 19 kati yao, 11 zikiwa za Panesar, na Kevin Pietersen akapiga mikimbio, yaani alama, 186 ambayo wengi wanaihesabu kuwa miongoni mwa zamu bora kabisa za kupiga za mgeni katika ardhi ya India. Uingereza walishinda kwa wiketi kumi, wakashinda tena Kolkata, wakatoka sare Nagpur, na kuondoka na mfululizo wa 2-1, wa kwanza kuushinda India tangu ule wa 1984/85. Mteuzi alikuwa amefanya kazi yake tangu mwanzo, kwa kuwa Panesar alikuwemo kwenye ndege. Waliochelewa ni wale waliopanga kumi na mmoja wa Ahmedabad wakiwa bado wanafikiria kwa mazoea ya nyumbani.

Baada ya hapo India hawakupoteza mfululizo wa nyumbani kwa miaka kumi na miwili. Walishinda mifululizo 18 mfululizo. Aliyekuja kuwavunja mwaka 2024 alikuwa New Zealand, timu iliyotoka kufungwa 2-0 Sri Lanka, yenye nahodha mpya Tom Latham, na isiyo na mpigaji wake bora kuliko wote, Kane Williamson, aliyekuwa na maumivu ya kinena na hakucheza hata mechi moja kati ya tatu. Kama orodha ingesomwa kutoka juu, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwapa nafasi. Nafasi ya Williamson ilichukuliwa na Will Young, ambaye mwisho wa mfululizo alitajwa kuwa mchezaji bora. Matt Henry, aliyekuwa ameisaidia timu kuwatoa India wote kwa mikimbio 46 Bengaluru, aliumia kabla ya mechi ya pili. Akaingia Mitchell Santner, mrushaji wa spini wa mkono wa kushoto ambaye hakupangwa katika mechi ya kwanza, akachukua wiketi 13 Pune. Mumbai, Ajaz Patel, aliyezaliwa katika mji huo huo, alichukua 11. Matokeo yalikuwa 3-0. Hakuna timu iliyowahi kuwafanyia India hivyo kwao katika mfululizo wa mechi tatu au zaidi.

Ninachokiona katika habari hiyo ni kwamba wa akiba wa New Zealand hawakuwa nakala dhaifu za wa kwanza. Santner si Henry aliyepungua kiwango. Ni mchezaji wa aina nyingine kabisa, na jeraha la Henry liliibadilisha timu badala ya kuipunguza. Hapa ndipo wateuzi wengi wanapokosea. Wakiwa na warushaji wanne wa kasi wanaofanana, huongeza wa tano anayefanana nao, eti kwa usalama. Huo si usalama. Pichi ikiwakataa wanne, itamkataa na wa tano, na nahodha atabaki anatazama benchi lisilo na kitu kipya cha kumpa.

Mfano mkubwa kuliko yote, ambao sitachoka kuusimulia, ni ziara ya India nchini Australia ya mwaka 2020/21. Ilifanyika wakati wa ugonjwa wa UVIKO-19, na kwa sababu ya karantini haikuwezekana kumwita mtu kutoka nyumbani akafika baada ya siku mbili. Kwa hiyo India walisafiri na msafara mkubwa kuliko kawaida, wakiwemo vijana waliochukuliwa ili tu wawarushie wapigaji mipira mazoezini. Mechi ya kwanza, Adelaide, iliishia kwa aibu: India walitolewa wote kwa mikimbio 36 katika zamu yao ya pili ya kupiga. Nahodha Virat Kohli akarudi nyumbani, kama ilivyokuwa imepangwa, kwa ajili ya kuzaliwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mohammed Shami alivunjika mkono. Melbourne, chini ya Ajinkya Rahane aliyepiga mikimbio 112, walishinda kwa wiketi nane, lakini Umesh Yadav akaumia. Sydney, Ravindra Jadeja alivunjika kidole gumba, na Hanuma Vihari, msuli wa paja ukiwa umechanika, alisimama na Ravichandran Ashwin aliyekuwa na maumivu ya mgongo, wakazuia mipira kwa zaidi ya mizunguko 40 hadi mechi ikaisha kwa sare. Vihari alimaliza na mikimbio 23 kwa mipira 161. Sijui zamu nyingine yenye mikimbio michache hivyo ninayoiheshimu kiasi hicho.

Walipofika Brisbane kwa mechi ya mwisho, mfululizo ukiwa 1-1, Ashwin, Jadeja, Vihari na Jasprit Bumrah wote hawakuweza kucheza. Australia hawakuwa wamefungwa katika uwanja ule wa Gabba tangu mwaka 1988. Warushaji watano ambao India waliwapanga, Mohammed Siraj, Navdeep Saini, Shardul Thakur, T. Natarajan na Washington Sundar, walikuwa wamecheza jumla ya Testi nne katika maisha yao yote, na moja ya hizo ni ile ya Thakur ya mwaka 2018 ambamo alirusha mipira kumi tu akaumia. Natarajan na Sundar walikuwa wamebaki Australia kama warushaji wa mazoezini. Siraj alifiwa na baba yake mwezi Novemba, wiki chache kabla ya Testi ya kwanza, naye akachagua kubaki na timu.

Asubuhi ya siku ya tano, tarehe 19 Januari 2021, nilikuwa katika duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini, nimefuata misumari na bawaba za milango ya madarasa. Mwenye duka ni mzee aliyezaliwa Lindi, na ninapoingia humwamkia shikamoo kabla ya kuuliza bei, kama nilivyolelewa. Siku hiyo aliitikia marahaba bila kunitazama. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye mzani, na nyuma ya karatasi ya kupokelea mzigo alikuwa ameandika majina ya warushaji watano wa India na wiketi za kila mmoja. Ili washinde, India walikuwa wakifukuza mikimbio 328, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea Gabba. Shubman Gill alikuwa ameshatoka na 91. Cheteshwar Pujara, aliyepigwa na mpira kifuani, begani, kwenye vidole na kwenye kofia mara nyingi bila kuondoka, alikuwa ametoka na 56. Rishabh Pant alikuwa bado yupo. Akaingia Washington Sundar, na mzee akagusa jina lake kwenye ile karatasi kwa ncha ya kalamu.

“Mwalimu, huyu kijana alikuja kurusha mipira ya mazoezi tu,” aliniambia.

“Na katika zamu ya kwanza, Mzee?” nilimuuliza, nikijua jibu.

“Sitini na mbili. Yeye na Thakur. Timu ilikuwa imekwisha.”

Ilikuwa kweli. India walikuwa wamepoteza wiketi sita wakiwa na mikimbio 186 Sundar na Thakur walipoungana, wakaongeza mikimbio 123, Thakur akiwa na 67. Watu hao hao wawili walikuwa wamechukua wiketi tatu tatu katika zamu ya kwanza ya Australia, sawa na Natarajan; na katika zamu ya pili Siraj alichukua tano na Thakur nne. Hata sasa nikiitazama orodha ile ya wiketi, sioni jina hata moja ambalo shabiki wa kawaida angelitaja miezi miwili kabla. Sundar aliupiga mpira wa Pat Cummins, mrushaji wa Australia, ukavuka kamba ya mpaka kwa mikimbio sita, mteja aliyekuwa anasubiri saruji akaambiwa asubiri tena, na saa nne ya asubuhi ikiwa imepita Pant akasukuma mpira wa mwisho mbele hadi mpakani. Alibaki na 89 bila kutolewa. India walishinda kwa wiketi tatu na kuuchukua mfululizo kwa 2-1.

Wapo watakaosema hiyo ilikuwa bahati, kwamba hakuna mteuzi aliyepanga Natarajan aje kucheza Testi. Nakubali kwamba hakuna aliyepanga jeraha. Lakini kuna aliyeamua kwamba hata mrushaji wa mazoezini awe mtu anayeweza kusimama uwanjani, na kuna aliyemwona Sundar kuwa mtu wa kurusha spini na kupiga pia, na hiyo si bahati. Mtu anayeweza kazi mbili ndiye mwenye thamani kubwa kuliko wote katika nusu ya chini ya orodha, kwa kuwa mteuzi hawezi kujua ni nafasi ipi itakayobaki wazi.

Nimewahi kukaa katika vikao vya walimu wa michezo vya kuchagua timu ya mpira wa miguu ya mkoa kwa ajili ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na ninajua jinsi majina ya mwisho yanavyoshughulikiwa. Saa tano ya usiku watu wamechoka, chai imeisha, na nafasi mbili zilizobaki hutolewa kwa maelewano: mmoja wa shule hii ili mwalimu wake asinung’unike, mwingine kwa kuwa ni kijana mzuri na akaone mji. Sina shaka kwamba katika vyumba vya wateuzi wa mataifa makubwa, wenye tarakilishi na wachambuzi, saa hiyo ya uchovu nayo huwakuta. Ndiyo maana ninashauri kazi ifanywe kinyume. Kikao kianze na wa akiba, vichwa vikiwa na nguvu. Kijiulize mlinda wiketi wa pili ni nani, mpigaji wa kufungua zamu wa tatu ni nani, mrushaji wa spini wa aina tofauti ni nani, na nani kati yao anaweza kazi mbili. Majina makubwa yatajiandika yenyewe dakika za mwisho.

Kuhusu hoja ya “akaone mji”, yaani kumchukua kijana mwenye kipaji ili ajifunze kwa kuwatazama wakubwa, siikubali kabisa katika ziara ya Testi. Kijana hajifunzi kurusha kwa kubeba chupa za maji wiki sita. Siku hizi mechi za maandalizi dhidi ya majimbo zimepungua sana, na mchezaji asiyepangwa anaweza kumaliza ziara nzima bila kucheza mechi hata moja ya kweli. Kijana achukuliwe kama ana kitu ambacho kikosi hakina, na siku pichi itakapokihitaji apangwe bila woga.

Mfano wa kijana wa namna hiyo ni Shamar Joseph. West Indies, timu ya Visiwa vya Karibi, walipokwenda Australia Januari 2024, baadhi ya wachezaji wao wazoefu, Jason Holder na Kyle Mayers miongoni mwao, hawakuwa tayari kusafiri, na kikosi kilikuwa na watu saba ambao hawajawahi kucheza Testi. Wengi walikiita kikosi cha kufungwa. Joseph, kutoka kijiji cha Baracara nchini Guyana, aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi kabla ya kriketi kuwa ajira yake, alimtoa Steve Smith kwa mpira wake wa kwanza kabisa wa Testi huko Adelaide. Wiki moja baadaye, Gabba, mpira wa Mitchell Starc ulimpiga kidole cha mguu hata akashindwa kuendelea kupiga. Siku iliyofuata alirudi uwanjani na mguu wenye maumivu, akarusha bila kupumzishwa, akachukua wiketi saba kwa mikimbio 68, na West Indies wakashinda kwa mikimbio minane. Smith alibaki upande wa pili na 91, hakuna aliyeweza kumtoa wala wa kumsaidia. Ilikuwa Testi ya kwanza ya West Indies kushinda nchini Australia tangu mwaka 1997. Mteuzi hakumchukua Joseph ili akajifunze. Alimchukua kwa sababu ana kasi, na Brisbane inataka kasi.

Ipo habari nyingine ya jina la akiba ambayo mtu wa Mtwara au Lindi hawezi kuisoma kama habari ya michezo peke yake. Basil D’Oliveira alizaliwa Cape Town, na kwa kuwa utawala wa makaburu ulimhesabu kuwa si mweupe, hakuruhusiwa kuichezea nchi yake. Alihamia Uingereza mwaka 1960, akaichezea timu ya taifa ya huko, na Agosti 1968 alipiga mikimbio 158 dhidi ya Australia katika uwanja wa Oval, siku chache kabla ya kikosi cha ziara ya Afrika Kusini kutangazwa. Jina lake halikuwemo. Wateuzi walisema ni sababu za kimchezo, na watu wengi hawakuamini. Mwezi uliofuata Tom Cartwright, aliyekuwa ameteuliwa, alijiondoa kwa jeraha, na D’Oliveira akawekwa badala yake. Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, alitangaza kwamba kikosi hicho hakitapokelewa, na ziara ikafutwa. Baada ya mwaka 1970 Afrika Kusini haikucheza tena Testi hadi 1992.

Miaka ile, huku kwetu, Nachingwea ilikuwa na kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, waliopigania uhuru wa Msumbiji, na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Wazee wetu waliielewa vizuri serikali ya Vorster bila kuhitaji kuelezwa na mtu wa kriketi. Ninaitaja habari hii kwa sababu inaonyesha uharibifu unaotokea mteuzi anapoingiza katika orodha yake swali lisilo la mchezo, hasa swali la nani atamchukiza mwenyeji. Kwa mikimbio 158, katika timu yoyote iliyokuwa inachaguliwa kwa haki, D’Oliveira hakuwa wa kusubiri jeraha la mtu mwingine. Kwamba aliingia kwa mlango wa akiba ni doa la wateuzi wale, wala si lake, na ninafurahi kwamba tangu mwaka 2004 Uingereza na Afrika Kusini zinapokutana katika Testi hushindania kombe lenye jina lake.

Tanzania haichezi Testi. Ni mataifa kumi na mawili tu yenye hadhi hiyo. Lakini hatujawahi kuwa nje kabisa ya suala la kuchagua kikosi cha safari. Mwaka 1975, timu ya Afrika Mashariki iliyounganisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza na kupoteza mechi zake zote tatu, na ninawafikiria mara kwa mara wale walioketi kugawa nafasi chache za safari ile kwa nchi nne. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza kwenda Kombe la Dunia la umri wao, lililopangiwa Zimbabwe na Namibia mwaka 2026. Mashindano yale ni ya mizunguko 50, si ya siku tano, lakini kanuni ya benchi ni ile ile: huwezi kumtoa mtu katikati ya mechi kwa kuwa pichi imemkataa.

Ombi langu kwa wanaochagua vikosi vyetu ni dogo na linawezekana. Wanapotangaza majina, waandike sentensi moja mbele ya kila jina la akiba kueleza amechukuliwa kwa kazi gani na kwa uwanja gani. Mteuzi anayejua sababu yake ataiandika kwa dakika moja. Na nafasi itakayokosa sentensi irudishwe kikaoni, ijadiliwe upya kabla ya tiketi kukatwa.